Kutengeneza Tabasamu: Lipi Ni Tiba, Lipi Ni Kubadili Umbile?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Aliyemuumba mwanadamu akampa sura njema na akamfundisha kusema. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake wote. Amma baad.



Somo la toleo hili linahusu jambo linaloulizwa sana hosteli na baada ya darsa: matibabu ya meno kwa ajili ya kuboresha tabasamu. Sisi tunaosoma na kuishi Kampala tunaliona karibu nasi. Hapa Mengo ipo hospitali kongwe kuliko zote nchini, iliyoanzishwa mwaka 1897 na daktari mmishonari Albert Cook kwenye kilima cha Namirembe, na leo ina idara ya meno. Zamani mtu alikwenda kwa daktari wa meno kwa sababu moja tu: jino linauma, ling'olewe. Siku hizi mwanafunzi anaingia na picha kwenye simu, anaonyesha meno ya msanii fulani na kusema, "Nataka yangu yawe hivi."

Kutokana na hali hiyo yamezuka makosa mawili. Wapo wanaodhani kila kinachofanywa kwenye jino kwa ajili ya sura ni haramu. Hao wanabaki na meno yaliyovunjika au yenye madoa, wakiongea huku wamefunika mdomo kwa mkono, na wengine hukataa kusimama mbele ya darasa. Wapo pia wanaodhani kila kitu ni halali maadamu kinaitwa kujipamba. Hao wanakubali jino zima lisilo na ugonjwa lichongwe, na jino likishachongwa halirudi. Wa kwanza anajinyima alichoruhusiwa na Mola wake. Wa pili anapoteza alichopewa. Lengo la somo hili ni kumpa kila mmoja wetu kipimo cha kupimia kabla hajakaa kwenye kiti cha daktari.

Tabasamu ni sadaka, na mswaki ni sunna

Imam Tirmidhi amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alilihesabu tabasamu la Mwislamu mbele ya ndugu yake kuwa ni sadaka. Sahaba Abdullah bin al-Harith bin Jaz' (r.a.) naye alieleza kuwa hakuwahi kumwona mtu mwenye kutabasamu zaidi ya Mtume. Hii ni sadaka ambayo mwanafunzi asiye na shilingi mfukoni anaweza kuitoa kutwa nzima. Kwa hiyo anayeyaonea haya meno yake mpaka akaacha kutabasamu amefungiwa mlango wa kheri, na kumsaidia aufungue si jambo la anasa.

Dini yetu ilianza na kinga kabla ya tiba. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba lau si kuchelea kuutaabisha umma wake, Mtume (s.a.w.) angeamrisha kupiga mswaki kwa kila swala. Lugha yetu yenyewe inaubeba ukumbusho huo. Neno mswaki asili yake ni Kiarabu, siwaki, na hata tunaposhika brashi ya plastiki tunaiita mswaki. Kijiti chenyewe, cha mti ambao wataalamu wa mimea huuita Salvadora persica, bado kinauzwa nje ya misikiti mingi. Atumiaye kijiti na atumiaye brashi wote wako kwenye njia moja, ilimradi meno yanasafishwa kweli, asubuhi na kabla ya kulala, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi. Aliyeacha mswaki kisha akatafuta pesa za kung'arisha meno ameanza mwisho.

Meno yetu huharibika vipi?

Hukumu ya tiba haiwezi kueleweka mpaka maradhi yaeleweke. Katika eneo letu la Afrika Mashariki, sababu kubwa za tabasamu kuharibika ni nne.

Ya kwanza ni kuoza. Vijidudu vilivyomo kwenye ukoga hula sukari na kutoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha enameli, yaani gamba gumu la nje ya jino. Kinachoumiza zaidi si wingi wa sukari kwa mkupuo bali idadi ya mara inapoingia kinywani. Chupa moja ya soda inayonywewa kidogo kidogo tangu saa nane mpaka saa kumi, mtu akijisomea, huliacha jino ndani ya asidi kwa muda wote huo. Ukoga usipoondolewa hukauka ukawa ugaga, fizi zikavimba na kutoa damu.

Ya pili ni madoa ya floraidi. Floraidi kidogo hulinda jino, lakini ikizidi katika maji ya kunywa wakati meno ya mtoto yanajengeka ndani ya taya, yaani tangu kuzaliwa mpaka umri wa miaka minane hivi, meno huota na madoa meupe au ya kahawia. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji. Maji ya maeneo mengi ya Bonde la Ufa, pamoja na Arusha na sehemu za Kilimanjaro, yamezidi kiwango hicho. Hapa Uganda madoa haya yamechunguzwa Kasese na Kisoro. Tanzania, matumizi ya magadi jikoni nayo huongeza floraidi. Mwenye madoa haya si mchafu. Hata akipiga mswaki mara kumi kwa siku hayatoki.

Ya tatu ni ile inayoitwa ebinyo katika magharibi ya Uganda, na Tanzania ikajulikana kama meno ya plastiki. Mtoto mchanga akipata homa na kuharisha, fizi inatazamwa mahali litakapoota chonge, na uvimbe mweupe wa jino changa unadhaniwa ndio ugonjwa. Mganga huuchimbua kwa kisu au spoku ya baiskeli, bila ganzi. Mtoto huweza kutoka damu nyingi, kupata pepopunda au maambukizi mengine, huku ugonjwa wenyewe wa kuharisha ukiachwa bila tiba. Akisalimika, chembe ya chonge la ukubwani iliyo chini yake mara nyingi inakuwa imejeruhiwa. Miaka kadhaa baadaye kijana anajikuta na chonge zilizoharibika au pengo, wala hajui kwa nini. Wengine miongoni mwetu ni vijana hao, na kesho tutakuwa wazazi: uvimbe ule si ugonjwa, ni jino.

Ya nne ni ajali, hasa za bodaboda na michezo. Jambo hili kila mmoja alikariri: jino zima la ukubwani likitoka kwa pigo, lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Likiwa na uchafu lisuuze upesi kwa maziwa au maji safi bila kulisugua, lirudishe mahali pake ukiweza, au litie kwenye maziwa, kisha kimbia kwa daktari. Likipandwa ndani ya saa moja, na mapema zaidi ni bora, lina matumaini ya kushika tena. Jino la utotoni halirudishwi.

Tazameni: katika haya mengi, mwenye jino hakuchagua. Anatafuta kurudishiwa kilichoharibika.

Hadithi ya mwanya

Msingi wa makatazo ni hadithi ya Abdullah bin Mas'ud (r.a.) iliyomo katika Bukhari na Muslim. Ndani yake wamelaaniwa wanaochanja mwili, wanaong'oa nyusi, na wanaochonga meno ili watie mwanya kwa ajili ya uzuri, wakabadili alichoumba Mwenyezi Mungu. Mwanamke wa Banu Asad aliyeitwa Umm Ya'qub alisikia, akamwendea na kumwambia kwamba ameisoma Qur'ani yote na hakuliona jambo hilo. Ibn Mas'ud hakumkemea kwa kuuliza. Alimrudisha kwenye aya ya 7 ya Surat al-Hashr, inayotuamuru kuyachukua aliyotuletea Mtume na kuyaacha aliyotukataza. Hapo kuna funzo kwa wanafunzi: kuuliza dalili si utovu wa adabu, na dalili ikija, tunaifuata.

Watu wa lugha yetu wanaielewa hadithi hii bila shida. Kuanzia Lamu hadi Unguja, na mpaka huku kwetu, mwanya kati ya meno ya mbele huhesabiwa kuwa pambo. Aliyezaliwa nao ashukuru, ni umbile lake. Kilichokatazwa ni kuchukua meno yaliyo mazima na kuyakata ili kutengeneza mwanya ambao hakupewa.

Imam Nawawi (r.a.), aliyefariki mwaka 676 Hijria na ambaye vitabu vyake ni nguzo ya madhehebu ya Shafii tuliyoizoea Afrika Mashariki, ameisherehesha hadithi hii katika sherehe yake ya Sahih Muslim. Anaeleza kuwa jambo hilo walilifanya wanawake waliokuwa wakikaribia uzee ili waonekane wadogo, na kwamba uharamu unamhusu anayefanyiwa na anayefanya. Kisha anaweka wazi nukta ambayo somo letu lote linaizunguka: maneno "kwa ajili ya uzuri" yaliyomo kwenye hadithi yanaonyesha kuwa lililoharamishwa ni lile linalofanywa kutafuta uzuri tu. Ama ikihitajika kwa matibabu, au kwa kasoro iliyopo kwenye jino, hapana ubaya.

Wenzetu wanaosomea udaktari wa meno Makerere wasilipite neno hili upesi. Hukumu haiishii kwa mgonjwa. Mkono unaoshika mashine ya kuchongea nao utaulizwa.

Pua ya Arfaja

Hadithi ya pili inafungua mlango wa tiba. Abu Daud, Tirmidhi na Nasai wamepokea kisa cha Arfaja bin As'ad (r.a.), aliyekatwa pua katika vita vya siku ya Kulab zama za Jahiliya. Alijiwekea pua ya fedha, ikaoza na kutoa harufu mbaya. Mtume (s.a.w.) akamwamrisha aweke pua ya dhahabu.

Dhahabu, kama tunavyojua, ni haramu kwa mwanamume kuivaa. Pamoja na hayo Arfaja aliruhusiwa, kwa kuwa alikuwa na haja na kitu kingine hakikumfaa. Wala haja yake haikuwa ya kupumua tu, maana mtu asiye na pua hupumua. Ilikuwa pia haja ya kuwa na uso kama watu wengine. Mafakihi wa Shafii wakalipitisha jino katika njia hiyo hiyo: mwanamume aliyepoteza jino anaruhusiwa kuweka la dhahabu. Basi kama dhahabu iliruhusiwa ili kurudisha kilichopotea, kauri na plastiki ngumu za daktari wa leo zina nafasi kubwa zaidi. Lakini kijana mwenye meno kamili anayevalisha jino lake gamba la dhahabu ili ling'ae akicheka hana la kushika katika kisa cha Arfaja. Arfaja alikuwa na pengo. Yeye ana pambo.

Na mtu asidhani Ibn Mas'ud alikuwa adui wa uzuri. Ni yeye huyo huyo aliyeipokea, katika Sahih Muslim, hadithi ya kwamba Mwenyezi Mungu ni Mzuri na anapenda uzuri, pale mtu mmoja aliposema kuwa anapenda nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri. Sahaba mmoja ametuletea mambo mawili: uzuri unapendwa, na umbile haliharibiwi kwa ajili yake.

Kipimo: maswali matatu

Mwaka 2007, katika kikao chake cha 18 huko Putrajaya, Malaysia, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilitoa azimio namba 173 kuhusu upasuaji wa urembo. Lilijuzisha kurudisha umbo la kiungo na kazi yake, kurekebisha kasoro za kuzaliwa, meno yakiwemo, zikiwa zinaleta madhara ya kimwili au ya kinafsi yenye uzito, na kurekebisha kasoro zilizoletwa na ajali au maradhi. Likakataza upasuaji usio wa matibabu ambao lengo lake ni kubadili umbile la kawaida kwa kufuata matamanio na kuiga wengine. Tukiyaweka pamoja haya na maneno ya Nawawi, tunapata maswali matatu ambayo mwanafunzi anaweza kujiuliza mwenyewe.

La kwanza: Je, kuna kasoro au maradhi kweli? Yaani, mtu mwenye akili timamu akilitazama jino hili ataona tatizo, au tatizo limezaliwa na picha ya kwenye simu?

La pili: Je, tiba hii inarudisha au inaondoa? Kuziba tundu ni kurudisha. Kuchonga enameli nzima ni kuondoa, na enameli haina chembe hai za kuiotesha upya.

La tatu: Je, faida inazidi madhara na gharama? Hapa ndipo inapoingia kanuni ya kutodhuru na kutodhuriana, pamoja na katazo la israfu.

Tuzipime tiba moja moja

Kusafisha kwa daktari, yaani kukwangua ugaga, ni usafi mtupu na hakuna shaka ndani yake. Wengi wakifanyiwa hili peke yake hushangaa kwamba tabasamu walilokuwa wakilitafuta lilikuwa chini ya ugaga.

Kuziba jino lililotoboka, kutibu mzizi na kuliwekea krauni jino lililovunjika ni tiba za wazi. Hapa tuache tabia ya kukimbilia kung'oa. Jino likiondoka pengo likaachwa, meno ya jirani huinamia ndani, na lile la taya ya pili hushuka au kupanda kwa kukosa la kukutana nalo. Ikiwa jino bado linaweza kuokolewa, kuliokoa ni kulinda amana.

Kujaza pengo kwa meno bandia, kwa daraja au kwa kipandikizi kunapita katika njia ya Arfaja. Kipandikizi ni skrubu ya titani inayopandwa kwenye mfupa wa taya. Mgonjwa wa kwanza aliwekewa na Mswidi Per-Ingvar Brånemark mwaka 1965. Mfupa huchukua miezi mitatu hadi sita kushikana nayo. Kuna jambo moja ambalo Mwislamu alitaje mapema: pengine daktari huhitaji kuongeza unga wa mfupa au utando, na baadhi ya bidhaa hizo zimetokana na nguruwe au ng'ombe. Muulize daktari asili yake, na umwombe ya kutengenezwa viwandani ikiwepo.

Vyuma vya kunyoosha meno havichongi umbile bali huyasogeza meno taratibu. Meno yaliyopandana hushika uchafu, huuma shavu na huharibu matamshi, na kuyanyoosha ni tiba. Marehemu Sheikh Ibn Uthaymin, aliyefariki mwaka 2001, alitofautisha kati ya kuondoa aibu na kuongeza uzuri, na meno yaliyopinda vibaya yako upande wa kuondoa aibu. Ambaye meno yake yamekaa sawa na anataka vyuma kwa sababu vimekuwa fasheni, huyo ametoka nje ya tiba.

Kung'arisha meno kwa dawa ya peroksaidi ni kuondoa rangi, na wengi wa wanazuoni wa leo hawaoni ubaya wake maadamu hakuna kuchonga wala madhara. Lakini dawa hizi si za kuchezea. Nchi za Umoja wa Ulaya zimezuia bidhaa zenye zaidi ya asilimia 0.1 ya haidrojeni peroksaidi kuuzwa moja kwa moja kwa wananchi. Zile za mpaka asilimia 6 lazima zianzie kwa daktari wa meno. Tujue pia kuwa peroksaidi haibadili rangi ya kilichozibia jino wala krauni. Ama limau, ambalo baadhi yetu hulisugulia meno, ni asidi inayoyeyusha enameli ile ile tunayotaka ing'ae, na mkaa huikwaruza. Baada ya muda dentini ya njano iliyo chini huonekana zaidi, na meno hushtuka kwa maji baridi.

Sasa tufike kwenye vinia, ambalo ndilo swali zito. Vinia ni vipande vyembamba vya kauri vinavyogandishwa mbele ya meno, na ili vikae vizuri daktari mara nyingi huchonga karibu nusu milimita ya enameli. Kwa mwenye madoa makali ya floraidi, aliyevunjika jino la mbele, au ambaye enameli yake haikujengeka vizuri, vinia inaweza kuwa tiba halali baada ya njia nyepesi kushindikana. Kwa mwenye meno mazima, meupe na yaliyopangika, anayetaka tu yawe meupe kama karatasi na yalingane kama vigae, hali ni nyingine. Kuchonga jino zima kwa ajili ya uzuri ndiyo sura ya hadithi ya Ibn Mas'ud, ingawa nia si kutia mwanya.

Tena hesabu yake ni nzito. Vinia za kauri kwa kawaida hudumu miaka 10 hadi 15. Anayewekewa akiwa na umri wa miaka 20 atalazimika kuzibadilisha mara tatu au nne kabla hajafika 65, na kila mara jino linapungua. Uingereza, vijana wengi wamesafiri kwenda Uturuki kutafuta meno ya bei nafuu, wakarudi na meno mazima yaliyochongwa mpaka yakabaki visiki vilivyovishwa krauni, na madaktari wa meno wa huko wamekuwa wakitoa tahadhari. Anayetamani jambo hilo Kampala ajifunze kwa waliotangulia.

Kabla ya kukaa kwenye kiti

Thibitisha kwanza kuwa anayekuhudumia amesajiliwa. Madaktari wa meno wa Uganda wanasajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Maafisa wa afya ya meno na mafundi wa maabara ya meno wana Baraza la Wataalamu wa Afya Wasaidizi. Kuomba kuona leseni si kumvunjia mtu heshima. Anayeweka vyuma au vinia saluni hana tofauti na anayechimbua ebinyo, ila amevaa glavu.

Omba maelezo ya hatua zote na gharama yake kwa maandishi. Muulize daktari: nikiacha bila kufanya chochote, kutatokea nini? Na njia nyepesi kuliko hii ni ipi? Daktari mwaminifu atayajibu kwa furaha.

Usianze na urembo wakati kuna ugonjwa. Utaratibu ni kutibu maumivu na fizi, kisha kuziba matundu, kisha kujaza mapengo, na mwisho kabisa rangi. Krauni nzuri juu ya fizi inayooza ni nyumba iliyojengwa juu ya shimo.

Ada uliyotumiwa na wazazi ni amana iliyotajwa kazi yake. Kuigeuza ikawa vinia ni khiyana hata kama vinia zenyewe zingekuwa halali. Na mkopo wa riba hauhalalishwi na tabasamu.

Wapo wanaouliza kama inafaa kutibiwa katika hospitali ya kanisa au na daktari asiye Mwislamu. Mtume (s.a.w.) katika Hijra alimkodi Abdullah bin Urayqit awe kiongozi wa njia, naye wakati huo alikuwa mshirikina, kwa kuwa alikuwa mjuzi na mwaminifu. Tunaangalia ujuzi na uaminifu. Dada akimpata daktari wa kike mwenye ujuzi ni bora zaidi. Asipompata, atibiwe na wa kiume kwa kadiri ya haja, pasiwe na faragha ya wawili. Msaidizi au jamaa yake awepo chumbani.

Udhu, josho na saumu

Kilichogandishwa kabisa, kama kuziba, krauni au kipandikizi, kimekuwa na hukumu ya jino, na hakizuii udhu wala josho. Katika madhehebu yetu ya Shafii kusukutua ni sunna katika yote mawili. Wenzetu wa Hanafi husema kusukutua ni faradhi katika josho, kwa hiyo mwenye meno ya kuvua ayavue ili maji yafike chini yake. Na hata kwa Shafii kufanya hivyo ni usafi bora.

Kuhusu Ramadhani, Baraza hilo hilo la Fiqhi lilipokutana Jeddah mwaka 1997 lilieleza katika azimio namba 93 kuwa kutoboa jino, kung'oa, kusafisha meno na kupiga mswaki hakubatilishi saumu, ilimradi mtu ajiepushe kumeza kinachofika kooni. Anayeogopa apange miadi usiku au baada ya Idi. Lakini mwenye jipu kwenye jino asingoje. Maumivu si ibada.

Hitimisho

Ndugu zangu, sheria haikutuambia tupende meno mabovu, wala haikutuachia tuyakate meno mazima. Imetuonyesha wa kumwangalia: mwenye pengo arudishiwe, mwenye doa aondolewe, aliyepinda anyooshwe, na aliyepewa jino zima alitunze na kushukuru. Kabla ya kulitazama tabasamu lako kwenye kioo, litazame kwanza jino lenyewe. Likiwa gonjwa, nenda ukatibiwe bila haya wala wasiwasi. Likiwa zima, tabasamu nalo kama lilivyo. Sadaka haikuwekewa sharti la weupe.

Maswali ya kujadili kwenye halaka

1. Kwa nini maneno "kwa ajili ya uzuri" ni muhimu katika hadithi ya Ibn Mas'ud? Nawawi ameyaelezaje?

2. Kisa cha Arfaja kinatufunza nini kuhusu haja ya mtu kuwa na sura ya kawaida?

3. Mwanafunzi amekulia Kisoro na ana madoa ya kahawia yanayomfanya akatae kuzungumza darasani. Mwenzake ana meno meupe na anataka vinia kwa ajili ya harusi. Wapimeni wote wawili kwa maswali matatu.

4. Daktari wa meno Mwislamu ameombwa achonge meno mazima, na anajua kuwa akikataa mteja atakwenda kwa mwingine. Mnamshauri nini?

5. Tufanye nini kama jumuiya ili dada na kaka zetu wazazi wajue ukweli kuhusu ebinyo?

Wabillahi tawfiq, wallahu a'lam.